Ukuta Wako: Itafute Meza Kwanza

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazozungumzia picha za aina moja, zile za vitu vya mezani vilivyochorwa kwa mtindo wa kubizimu, unaokivunja kitu vipande na kukionyesha kwa pande kadhaa kwa pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana maswali yake ndiyo ambayo wengi huniuliza dukani kwangu, ninakotia picha fremu, wakiwa wameshatoa hela.

Swali: Shikamoo Mama. Mimi na mume wangu tumehamia nyumba yetu Njiro mwezi wa pili, baada ya kujenga kidogo kidogo kwa miaka minane. Sebuleni kuna ukuta mkubwa mweupe, hauna kitu. Mwaka jana nilikwenda kwenye mkutano katika hoteli moja, nikaona picha ya gitaa, chupa na bakuli la matunda, vyote vimekatwa vipande na kupangwa upya. Nilisimama pale mpaka nikaja kuitwa. Mhudumu akaniambia mtindo huo unaitwa kubizimu. Tangu siku hiyo natafuta ya kwangu. Juzi muuzaji mmoja mjini amenionyesha picha ya jagi na machungwa, chini imeandikwa "Picasso", anataka laki nne na nusu. Mume wangu anasema hata mtoto wetu wa darasa la pili anaweza kuchora vile. Mama mkwe naye ameuliza kwa nini tununue picha ya meza inayoanguka. Je, picha ile ni ya kweli? Nitajuaje nzuri na isiyo nzuri? Na niitundike wapi? *Mama wa watatu, Njiro, Arusha*

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongereni sana kwa nyumba. Naanza na hela, kwa sababu huyo muuzaji atakupigia simu tena. Usimpe hiyo laki nne na nusu.

Pablo Picasso, mchoraji mashuhuri wa Kihispania, alifariki Ufaransa mwaka 1973. Picha yake moja ya mwaka 1955 iliuzwa mnadani New York mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 179. Kazi ya mkono wa mtu huyo haitembezwi kwapani katika mitaa ya Arusha. Basi hiyo uliyoonyeshwa ama ni nakala iliyochapwa kwa mashine, ama imechorwa na kijana wa hapa hapa kisha ikabandikwa jina la mtu mwingine. Hili la pili ndilo linaloniuma. Kama kuna kijana aliyekaa siku tatu akiyachora machungwa yale, jina lake ndilo lililostahili kuwa pale chini, na wewe ulistahili kulijua.

Kutambua nakala si kazi ngumu. Washa tochi ya simu, ishike pembeni ya picha ili mwanga upite ukitambaa juu yake. Rangi iliyopakwa kwa brashi itaonyesha matuta na mifereji, na mifereji hiyo itakwenda na umbo la kitu: itazunguka pamoja na chungwa, itashuka pamoja na shingo ya jagi. Siku hizi kuna nakala zinazopakwa gundi angavu juu ili zionekane zina brashi, lakini gundi hiyo hupita ovyo, haijui chungwa limeishia wapi. Kisha igeuze. Nyuma ya picha ndiko ninakoangalia mimi kwanza kila mteja anapoingia. Kanvasi iliyowambwa na kupakwa kwa mkono mara nyingi ina rangi iliyochuruzika kwenye kingo, alama za penseli, pengine na kidole cha mchoraji. Nakala huwa safi mno. Sisemi nakala ni haramu. Muuzaji akikwambia wazi kwamba ni nakala na akatoza bei ya nakala, hiyo ni biashara ya halali.

Sasa swali lako la pili, la nzuri na isiyo nzuri. Hapa niruhusu nikueleze picha yangu mwenyewe.

Nyumbani kwangu Moshi, juu ya kabati la vyombo, ipo picha ya chupa ya chai, vikombe viwili na gazeti lililokunjwa. Aliichora kijana mmoja wa Majengo aliyekuwa akiniletea kazi zake nizitie fremu. Alifikisha deni la fremu sita, hana hela, akaniambia nichague picha moja tufute deni. Nikachagua ambayo sikuielewa. Wiki ya kwanza nilichokiona ni kifuniko chekundu cha chupa na vipande vya kijivu na kahawia vimezunguka. Siku moja nakunywa chai nikagundua kwamba mdomo wa kikombe cha kushoto ni duara kamili, kama unavyokiona ukisimama na kuinamia meza, lakini mkono wake umechorwa kwa ubavu, kama unavyouona ukiwa umekaa. Kijana alikuwa amesimama na amekaa katika picha ile ile. Baada ya hapo nikaona ukingo wa meza: upande wa kushoto wa chupa uko juu, ukitokea upande wa kulia uko chini, kana kwamba meza imekatika nyuma ya chupa. Na kile kipande cheupe kilichonichanganya muda wote, chenye umbo la kabari, ni mwanga wa dirisha lake ukianguka mezani asubuhi. Picha ile nimekaa nayo miaka 12, na bado hainichoshi.

Ndiyo maana nakwambia, ukisimama mbele ya picha ya namna hii, itafute meza kwanza. Karibu kila picha ya kubizimu ya vitu vya mezani ina meza mahali fulani: ukingo, mguu, droo, kitambaa. Ukishaipata, kila kitu kitaanza kukaa. Jiulize chupa imetazamwa kutoka wapi, bakuli kutoka wapi. Ukiona kwamba mchoraji alizunguka, akainama, akasogea, akakuwekea yote pamoja bila kitu kupotea, hapo mtu alitazama kweli. Halafu funika kipande kimoja kwa kiganja. Picha iliyotungwa vizuri italegea, utahisi pengo. Iliyofanywa haraka haitajali.

Na zilizofanywa haraka ni nyingi. Mchoraji anachora chungwa la kawaida, anapitisha rula juu yake mara tano, anapaka kila kipande rangi tofauti. Hilo ni chungwa lile lile limewekewa kioo kilichopasuka. Hakuna upande wa pili wa chungwa uliotazamwa.

Walioanzisha mtindo huu ni wawili, Picasso na Georges Braque, mjini Paris, kati ya mwaka 1907 na 1914. Kabla yao alikuwepo mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, aliyefariki mwaka 1906, ambaye matofaa yake yalikaa kwenye meza zilizoinama na kingo zisizokutana. Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli kabisa: meza inaanguka. Mwambie kwa heshima kwamba imeinamishwa ili yeye aliyesimama mbele yake avione vyombo vyote, kama anavyoinamisha ungo ili aone mawe kwenye mchele. Braque alisema baadaye kwamba miaka ile yeye na Picasso walikuwa kama wapanda mlima wawili waliofungwa kamba moja. Sisi tunaoamka tukiitazama Kibo tunaijua kazi ya kamba hiyo. Mwaka 1914 vita ikamchukua Braque, mwaka uliofuata akajeruhiwa kichwani, na alipopona alirudi kwenye meza zake, akazichora karibu mpaka mwisho wa maisha yake.

Walichora vilivyokuwa karibu: glasi, chupa, kiko, karata, gazeti, gitaa, zeze la Kizungu. Ukiona herufi JOU katika picha zao, hicho ni kipande cha neno la Kifaransa linalotumika katika majina ya magazeti. Mwanzoni rangi zao zilikuwa kahawia, kijivu na kijani kilichofifia, ili rangi isimvute mtu akaacha kutazama umbo. Mwaka 1912 mambo yakabadilika. Picasso alichukua kipande cha kitambaa cha mpira, aina ile tunayotandika mezani, kikiwa kimechapwa mchoro wa ususi wa kiti, akakibandika kwenye picha na kuizungushia kamba badala ya fremu. Mwaka huo huo Braque aliona dukani karatasi ya ukutani yenye mchoro wa mbao, akainunua, akaikata na kuibandika. Braque alikuwa mtoto wa fundi wa kupaka nyumba rangi na yeye mwenyewe alijifunza kazi hiyo, hata akajua kupitisha kitana kwenye rangi mbichi ili ukuta ufanane na mbao. Nikiwaona mafundi wetu wakiupaka mlango wa chuma rangi ya mninga mpaka unataka kuugusa, namkumbuka yeye.

Mumeo naye mjibu kwa upole. Baba yake Picasso alikuwa mwalimu wa kuchora, na mtoto alijua kuchora mtu na njiwa kama walivyo tangu udogoni. Alivunja umbo akiwa analijua. Mwekee mumeo chupa ya chai mezani, mpe penseli, mwambie aichore kwa juu na kwa ubavu katika mchoro mmoja, na mtu akiingia aseme hiyo ni chupa ya chai. Akimaliza atakuwa na heshima zaidi kwa kazi hii. Na kama atasema haya ni mambo ya Ulaya, mweleze kwamba mwaka 1907 Picasso alikwenda kwenye makumbusho ya Trocadéro mjini Paris akakutana na vinyago vya Afrika, na hakutoka kama alivyoingia. Lile gitaa lake la kadibodi la mwaka 1912, ambalo tundu lake limetokeza nje kama kopo, linahusishwa na kinyago cha Wagrebo wa Afrika Magharibi, ambacho macho yake yametokeza hivyo hivyo. Nusu ya safari hii ilianzia kwetu.

Sasa ununue wapi. Ukienda soko la Wamasai pale Fire Road, au kwenye maduka ya sanaa yaliyoko barabara ya Dodoma, utakuta zaidi Tingatinga, tembo, na Wamasai waliosimama mstari wakati jua linazama. Kubizimu ni chache, na nyingi ni hizo za rula. Mimi ningefanya hivi: ningeulizia wachoraji, si wauzaji, niende mahali wanapofanyia kazi na nione picha tano au sita za mtu mmoja. Anayejua kuchora mkono na kikombe kwa penseli ndiye utakayemkabidhi kazi. Kisha ningembebea vitu vyangu. Binti yangu, usimwambie akuchoree gitaa kama hamna gitaa nyumbani. Mpelekee sufuria uliyoanzia maisha, redio ya marehemu baba, kibuyu, chane ya ndizi, futi kamba aliyotumia fundi wenu miaka minane. Avipange mezani akuchoree kwanza michoro miwili mitatu ya mkaa, uchague. Mpatane bei na ukubwa kabla, umpe nusu ya kununulia kanvasi na rangi, nusu nyingine siku ya kuchukua. Mpe mwezi mmoja au zaidi. Na jina lake aandike chini, kwa herufi zinazosomeka, na nyuma aandike mwaka.

Kuhusu ukuta: pima kochi. Picha yenye upana wa kama theluthi mbili ya kochi hukaa vizuri, kwa hiyo kochi la sentimita 210 litachukua picha ya hadi 140. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Watu wengi hutundika juu mno, karibu na dari, ikabidi mgeni anyanyue kidevu. Picha ya namna hii inataka uitazame ukiwa umekaa, kwa muda mrefu, kikombe kikiwa mkononi.

Lakini kabla ya kutoboa, weka kiganja ukutani asubuhi. Nyumba yenu ni mpya. Plasta inachukua miezi kukauka sawasawa, na mmehamia masika yakiwa mlangoni. Ukiona ukuta unatoa chumvi nyeupe, subirini mpaka kiangazi. Mwaka 2006 nilitundika picha ya mteja kwenye ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na bafu, nikiwa nimemhakikishia kwamba hapana neno. Baada ya masika mawili kanvasi ilikuwa na ukungu mgongo mzima na rangi imeanza kubanduka. Nilimlipa, lakini picha ilikuwa ya marehemu kaka yake, na hilo halilipiki. Tangu hapo kila fremu inayotoka kwangu ina vipande viwili vya kizibo kwenye pembe za chini kwa nyuma, ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kwenu Njiro vumbi la kiangazi nalo si la mchezo: tumia brashi laini kavu, kamwe usitumie kitambaa kibichi. Na epuka ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Fremu iwe nyembamba na ya kawaida. Mbao kavu iliyotiwa dawa ya wadudu inatosha. Fremu ya dhahabu yenye maua itapigana na picha yako kila siku.

Swali: Shikamoo Mama. Napanga chumba kimoja Pasua, nafanya kazi ya stoo. Nazipenda sana hizi picha za vitu vilivyokatwa lakini mfukoni nina elfu arobaini tu. Nisubiri mpaka nipate hela? *Kijana wa Pasua, Moshi*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usisubiri. Muulize mchoraji kama anauza ule mchoro wa mkaa anaoufanya kabla ya picha yenyewe. Wengi wanaitupa au wanafungia vitu. Katika mchoro wa mkaa unaona anavyofikiri, anapofuta na kurudia, na mimi binafsi nimewahi kupenda mchoro kuliko picha iliyotoka baadaye.

Njia nyingine ni nakala ya Juan Gris. Huyu alikuwa Mhispania aliyehamia Paris mwaka 1906, akafariki mwaka 1927 akiwa na miaka 40. Haki za kunakili kazi zake zimekwisha katika nchi nyingi, kwa hiyo unaweza kuchapisha picha yake bila kumwibia mtu. Kwa Picasso si hivyo. Nchini Ufaransa haki zake zinadumu mpaka mwisho wa mwaka 2043. Tena Gris ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Vipande vyake vina kingo safi, chupa unaiona ni chupa, halafu taratibu unaona kwamba kivuli chake kimegeuka kuwa gazeti. Chapisha kwenye karatasi nzito, na uliza wino usiopauka haraka. Fremu ya kioo ya mtumba kule soko la Memorial utaipata, ila toa ile kadi ya nyuma ya zamani uweke mpya, maana ya zamani hubeba ukungu.

Na kama una mkasi na gundi, jaribu mwenyewe. Chukua pakiti ya majani ya chai, gazeti la jana, kipande cha karatasi ya kaki ya sukari. Weka kikombe chako mbele yako. Vipande vya pakiti viwe kikombe, gazeti liwe meza. Utakosea mara nne au tano. Kazi uliyoibandika mwenyewe itakufundisha kuwasoma wengine kuliko maelezo yangu yote hapo juu. Ukiimaliza pita nayo dukani, niitazame.

Swali: Habari za kazi, mama. Mimi ni mwalimu mstaafu. Wiki tatu zilizopita nilinunua kwa kijana mmoja picha ya rangi ya mafuta, kibuyu na ndizi katika huo mtindo wa vipande. Naipenda mno. Ila haing'ai, na nikiigusa inanata kidogo. Seremala wangu anasema ataipiga vanishi ya fanicha ing'ae kama kabati. Nimruhusu? *Mwalimu, Usa River*

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Nakuomba sana usimruhusu. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka kama rangi ya ukuta. Inakauka kwa kuvuta hewa, polepole, kutoka juu kwenda ndani. Wiki tatu bado ni mbichi. Ukiifunika sasa, ya ndani itaendelea kusogea chini ya vanishi na juu kutapasuka. Tena vanishi ya fanicha hugeuka njano, na hakuna anayeweza kuitoa baadaye bila kuondoka na rangi. Kijivu chote kilichomo kwenye kibuyu chako kitakuwa rangi ya chai.

Iache ukutani bila kioo, mahali penye hewa, mbali na jiko. Miezi sita ikipita, gusa pembe moja kwa kidole, pale rangi ilipo nene. Kama bado inanata, iongezee miezi mingine sita. Ikishakauka mtafute yule kijana, aje yeye na vanishi ya picha, ile inayoweza kuondolewa, aipake safu moja nyembamba. Na kule kutong'aa, Mwalimu, huenda alikusudia. Kaa nayo mchana dirisha likiwa wazi, uone ni kipande kipi cha ndizi kinachoanza kujitokeza.